Mkono wa Mamdogo

Mimi ni fundi wa cherehani, Msambweni, na ulimi wangu unajulikana kuliko kazi yangu. Mteja akiniletea kitambaa kibovu namwambia ni kibovu. Akitaka gauni la kumbana na mwili wake haulitaki, namwambia hilo pia, na wengi hurudi kwa sababu wanajua sitawadanganya. Basi msije mkadhani kwamba nilipoingia katika kikundi cha wapiga picha niliingia kama mtu wa kuonewa. Nalisema hili mapema kwa kuwa watu wakinisikia nikisimulia kisa hiki huanza kunihurumia kabla sijafika katikati, na huruma yao inanikera. Wangesubiri kwanza wanisikie mpaka mwisho.

Kamera niliinunua mtumba, kwa mgeni mmoja aliyekuwa akihama Diani. Binti zangu walikuwa wamekwisha kuolewa, nyumba imekuwa kubwa ghafla, nikaona nitafute kitu cha kunishughulisha baada ya kazi. Nilipiga picha kila kilichosimama mbele yangu: kuku, madirisha, wateja wakijaribu nguo, bibi harusi wa jirani. Lakini niliyempenda kumpiga kuliko wote ni Mamdogo.

Mamdogo ni mdogo wake mamangu, na ndiye aliyenilea, maana mamangu alifariki nikiwa sijaota meno yote. Yuko Kibuyuni, analima mwani pamoja na akina mama wenzake, na kwa umri alionao wengine wameshakaa barazani kungoja kuletewa chai. Kila bamvua, maji yanapokupwa na kwenda mbali, yeye yumo baharini, maji ya magoti, akifunga mbegu za mwani kwenye kamba moja baada ya nyingine. Nilipomwomba nimpige picha akiwa kazini hakukataa. Alinipa sharti moja tu.

"Piga, mwanangu, lakini unistiri. Mimi nikiwa kule sina habari na nguo."

"Kwani mimi ni nani, Mamdogo?" nikamwambia.

Akacheka, yakaisha. Hatukuapishana, hatukuandikiana. Aliniamini, na mimi nikaichukulia imani ile kama chumvi ya jikoni, kitu ambacho kipo tu.

Picha yenyewe niliipiga asubuhi, jua lingali chini. Alikuwa ameinama kwenye kamba zake, ushungi umemtelemka mabegani, nywele zake nyeupe ziko wazi, leso imelowa imemganda mwilini. Nikamwita. Akageuka, akainua mkono, nikabonyeza. Niliitazama picha kwenye kamera. Uso wake ulikuwa umejaa mwanga, macho yananitazama sawasawa, na mkono umeinuka mbele ya kifua, umefifia kidogo kwa kuwa ulikuwa mwendoni. Nilijua sitapata nyingine kama ile.

Sasa niwaeleze kikundi. Tulikuwa watu kumi na kitu, tukikutana Jumapili ya kwanza ya kila mwezi katika chumba cha nyuma cha mkahawa mmoja pale Ukunda. Hakuna aliyekula kwa picha isipokuwa mmoja, kijana wa bara aliyekuwa akipiga maharusi na wageni wa mahoteli, na huyo tukimwita mwalimu. Kila mtu huleta picha moja. Inawekwa kwenye kompyuta, mwenye picha ananyamaza kimya, wengine wanatoa maoni mmoja mmoja, mwalimu anamaliza. Na palikuwa na marufuku moja: mashallah. Sisi watu wa pwani ukituonyesha kitu cha mtu, neno la kwanza ni mashallah, usije ukaambiwa una kijicho. Mwalimu alichoka nalo mwezi wa kwanza tu.

"Mashallah si maoni, madam," aliniambia. "Niambie nini mbaya na hiyo picha."

Nilimpenda kwa hilo, sikatai. Nilisema, haya, nimepata mtu wa ukweli kama mimi. Ikawa kila mwezi tunachambuana, na mimi nikiwa wa mbele. Nikiona picha imepinda nasema imepinda. Nikiona mtu kampiga picha mtoto analia ili apate machozi, namwambia ana roho mbaya. Watu walikuwa wakiniogopa, na nilifurahi kuogopwa, niseme kweli yangu.

Jumapili niliyopeleka picha ya Mamdogo nilivaa buibui jipya. Nilikuwa nimeshasikia kwamba mwalimu anazungumza na hoteli moja Diani itutundikie picha kumi na mbili ukutani kwa mwezi mzima, picha za watu wa pwani na kazi zao, na nilitaka yangu iwemo. Picha ilipotokea kwenye kompyuta watu walisogeza viti mbele. Nikajua wamenaswa. Kisha mwalimu akachora duara jekundu kwenye ule mkono.

"Hapa sasa ndio shida," alisema. "Sura iko fiti, mwangaza iko fiti. Lakini hii mkono imeharibu kila kitu. Haiko shapu. Shata yako ilikuwa slo, madam."

Wote wakatikisa kichwa kukubali. Tulikaa na mkono ule kwa muda mrefu kuliko tulivyokaa na picha nyingine yoyote. Mmoja alisema ukatwe. Mwingine akasema usikatwe, upunguzwe mwanga usionekane sana. Mzee mmoja mstaafu wa ofisi za Matuga akasema yeye kwa mbali anauona kama samaki. Nami nimefumba mdomo kama kanuni inavyotaka, naumia, huku akilini najilaumu kwa ile shata ya kamera niliyoiacha taratibu.

Aliyekuwa amebaki ni mama mmoja wa Kikoneni. Alikuwa mgeni kwetu, mwezi wake wa tatu, mkulima wa mahindi na mihogo, Mkristo, mtu mpole asiyejua kujitokeza. Hakuwa hata na kamera. Alikuwa akipiga kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Alijikohoza kidogo.

"Samahanini," alisema. "Mimi hayo ya shata siyajui. Lakini naona huyu mama anataka kujifunika. Naona kama anamwambia aliyempiga asimpige."

Hapo ndipo nilipovunja kanuni ya kunyamaza. Sijui nilivyoinuka, nilijikuta tu nimesimama.

"Wewe unayetembea kichwa wazi," nilimwambia, "ndiwe wa kunifundisha mimi stara ya mamangu?"

Alisema, "Nisamehe, dada," na akainamisha macho. Ningeliachia hapo, pengine leo ningelala vizuri. Lakini zamu ya picha yake ilipofika, mbuzi mmoja mweupe amesimama mbele ya ukuta wa udongo, nilisema kabla ya watu wote: "Hii si picha. Hiki ni kitambulisho cha mbuzi."

Chumba kizima kikavunjika kwa kicheko, mwalimu akiwa wa kwanza. Yule mama naye akacheka, kiganja mdomoni, akasema asante kwa maoni. Mwezi uliofuata kiti chake kilikuwa kitupu. Hakuna aliyemuulizia, na mimi moyoni nilisema alhamdulillahi.

Bamvua lililofuata nilikwenda Kibuyuni kuusahihisha ule mkono. Nilikuwa nimeandika kwenye karatasi namba zote alizonipa mwalimu za kuweka kwenye kamera. Nilimkuta Mamdogo ameshashuka baharini, nikavua viatu nikamfuata.

"Shikamoo, Mamdogo."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunisaidia au umekuja na hicho chako?"

"Nimekuja na hiki changu. Nataka uinue mkono kama siku ile."

"Siku ipi?"

"Ile niliyokuita ukageuka. Uliinua mkono hivi."

Alifikiri kidogo, mbegu za mwani mkononi. Siku hiyo alikuwa amejifunga ushungi vizuri, kwa kuwa alijua nakuja. Akageuka, akainua mkono. Haukuwa ule. Ulikuwa mkono wa mtu anayesalimia gari. Nikamwambia tena, akainua tena. Mara ya nne akaushusha, akanitazama.

"Siku ile nilikuwa nakwambia ngoja nijistiri," alisema. "Leo nimeshajistiri. Sasa nikuzuie nini?"

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa ananieleza tu, kama anavyonieleza fundo la kamba, kisha akarudi kwenye kazi yake. Mimi nilibaki nimesimama ndani ya maji na karatasi yangu ya namba.

Basi nijisemee mwenyewe sasa, maana hakuna wa kunisemea. Siku ile aliponigeukia Mamdogo alisema "ngoja". Nilimsikia. Upepo ulikuwapo, ningeweza kusingizia upepo, na kwa muda mrefu niliusingizia, lakini nilimsikia. Nilibonyeza kwa sababu jua lilikuwa mahali pake na ningengoja lingepanda. Yule mama wa Kikoneni, kwa simu yake iliyopasuka na kichwa chake wazi, aliona kwa kutazama mara moja tu kitu ambacho sisi mabingwa kumi na kitu tulikizungushia duara jekundu tukakiita kosa la mashine. Nami niliyeambiwa ukweli nikamtia mtu aibu mbele ya watu.

Sasa mtu mwenye haya angefanya nini? Angefuta. Mimi niliirudisha picha ile ile ya kwanza kwa mwalimu, nikamwambia ya pili imekataa.

Meneja wa hoteli alipozipitia picha zetu aliishika ile kabla ya nyingine zote. Alisema mkono ndio ulioipa uhai, kwamba unahisi kama mama anataka kutoka ndani ya picha. Mwalimu alikuwa kando yangu, akatabasamu.

"Si nilisema hiyo mkono ndio picha?" alisema.

Sikumsahihisha. Nilitamani kucheka na nilitamani kumzaba kofi, lakini sifa zilikuwa zinakuja upande wangu, nikazipokea. Kwenye simu kikundi kizima kikanipongeza. Wale wale waliotaka mkono ukatwe wakaandika wanaupenda mwendo wake. Mzee wa samaki naye akapongeza. Nilizisoma zile pongezi mara mbilimbili nikiwa nimekaa kwenye cherehani, na kila nilipomfikiria Mamdogo nilijiambia Diani ni mbali, wageni hawamjui, picha itakaa mwezi mmoja tu, na yeye tangu lini akaingia hoteli.

Aliingia. Hoteli ilikuwa imewaalika akina mama wa Kibuyuni siku ya ufunguzi wakae na meza ya sabuni zao za mwani, wageni wanunue. Mimi sikuambiwa, na wao hawakuambiwa kilichokuwa ukutani. Ilikuwa baada ya alasiri. Nilikuwa nimesimama na glasi ya sharubati, namsikiliza mgeni mmoja mwanamume akinieleza picha yangu mwenyewe, nikawaona wanaingia kwa mlango wa upande, wako wanane, mabuibui safi, vikapu kichwani na mikononi. Mamdogo alikuwa wa tatu. Aliponiona alifurahi, akaniinulia nyusi kama afanyavyo kwenye harusi za watu. Kisha akatazama nilipokuwa nimesimama, akaona kilichokuwa nyuma yangu.

Picha ilikuwa kubwa, inafika kiunoni mwa mtu. Nywele zake zote. Leso imemganda kifuani na mapajani, na taa imewekwa juu yake makusudi. Mbele yake wanaume watano au sita, glasi mkononi, wamekaza macho. Wenzake nao waliiona. Mmoja akasema "Subhanallah" taratibu, akamshika mkono, na wengine wakatazama sabuni zao.  Mimi mwenye ulimi nikaishika glasi yangu kwa mikono miwili.

Mamdogo alikuja mpaka mbele ya picha. Aliitazama kwa makini, bila haraka, kama anavyokagua kamba kabla ya kuiingiza majini. Yule mgeni mwanamume hakujua kwamba ndiye aliyemo pichani. Kwa adabu zake alimwuliza kwa Kiswahili cha kujifunza kitabuni anaionaje picha.

"Mkono ulichelewa," alisema Mamdogo.

Mgeni akatikisa kichwa, akasema ni kweli, ni jambo la kusikitisha kidogo lakini lina uzuri wake. Mamdogo alimwambia ahsante. Akaenda kwenye meza, akapanga sabuni, akauza mpaka gari lilipokuja kuwachukua. Wakati wa kuondoka aliniaga kama alivyowaaga wengine wote.

Niliomba picha iteremshwe jioni ile ile. Mwalimu akasema nitaharibu mpangilio, ukuta utabaki na pengo. Meneja akasema mwezi haujaisha na wageni wanaiulizia. Siku ya tatu nilikwenda na leso kubwa, nikaiteremsha mwenyewe mchana watu wakitazama, nikaifunga, nikatoka nayo. Askari wa getini alinifungulia bila kuniuliza kitu. Usiku huo huo mwalimu akaniandikia: "Madam, unachukua hii kitu vibaya. Picha ni kali. Wacha hisia." Nikajiondoa kikundini. Mpaka leo nikikutana naye barabarani Ukunda damu hunichemka. Lakini yeye kosa lake ni dogo. Yeye alitazama mkono wa mtu asiyemjua.

Yule mama wa Kikoneni nilimtafutia namba yake, nikamwandikia kwamba alisema kweli na mimi nilimkosea. Alinijibu siku ya pili: "Hakuna neno, dada." Nikamwuliza kama bado anapiga picha. Hilo hakulijibu.

Kibuyuni nilichelewa kwenda. Wiki tatu nilijitafutia sababu, nguo za wateja, mafua, mvua. Nilipokwenda nilikwenda na picha ile imefungwa ndani ya leso, na nilikuwa nimeshaifuta kwenye kamera na kwenye simu. Nilikuwa nimepanga maneno yote ya kumwomba radhi, na nilijua atanikaripia, na nilikuwa nautamani ule ukali wake, kwa kuwa Mamdogo akishamaliza kukukaripia hukupakulia chakula na mambo huwa yamekwisha.

Nilipiga hodi, akaitika karibu. Nikasikia ndani anajishughulisha, kifuniko cha sanduku kinafunguliwa na kufungwa. Nikangoja. Aliponifungulia alikuwa amevaa buibui, na juu yake ile ninja anayoivaa akisafiri kwenda mbali, macho tu ndiyo yaliyobaki. Ilikuwa saa saba mchana, joto la kukausha koo, naye yumo ndani ya nyumba yake. Nilidhani yuko njiani kutoka. Nikamwamkia, akaniitikia marahaba vizuri, akaniuliza habari za watoto, za wajukuu, za kazi. Nikamwambia nimekuja kumwomba radhi, nikamwekea picha miguuni. Alisema amenisamehe, Mwenyezi Mungu anisamehe na mimi. Alilisema bila kusita na nilijua analisema kwa moyo mmoja.

Kisha akaniletea wali na mchuzi wa papa, akatandika mkeka, tukakaa wawili. Nikangoja avue. Mimi nimemsuka nywele zake tangu nilipojua kusuka. Mimi alipougua nimemwogesha kwa mikono yangu. Hakuvua. Alikuwa akiinua kitambaa kidogo kwa mkono wa kushoto, anapitisha tonge kwa mkono wa kulia, anakishusha tena, na jasho naliona limeloweka kitambaa puani.

"Mamdogo," nikasema. "Niko peke yangu. Hakuna mwanamume hapa."

"Najua," alisema, akanisogezea bakuli la mchuzi. "Najua ni wewe."